Kuitambua na Kuipunguza Hatari ya Udhaifu wa Mifupa Kuanzia Umri wa Makamo

Mtu aliyetimiza miaka 50 akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, yaani kwa kuteleza au kujikwaa alipokuwa amesimama au akitembea, na mfupa ukavunjika, hakupatwa na ajali tu. Mfupa wenye afya unatarajiwa kuhimili anguko la namna hiyo. Ukivunjika, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeshapoteza madini na muundo wake wa ndani umemong'onyoka, hali ambayo kitabibu huitwa osteoporosisi na ambayo katika mwongozo huu itaitwa udhaifu wa mifupa. Mara nyingi mno mgonjwa wa namna hiyo hufungwa plasta, hupewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu yeyote kuuliza kwa nini mfupa ulivunjika kirahisi hivyo. Swali hilo lisipoulizwa na mhudumu wa afya, liulize wewe, na uliulize mapema, kwa sababu hatari ya kuvunjika tena huwa kubwa zaidi katika mwaka mmoja au miwili inayofuata.

Udhaifu wa mifupa wenyewe hauumi, hauleti homa wala haumpunguzii mtu hamu ya kula. Mtu anaweza kuishi nao miaka mingi akijiona mzima, kwa hiyo anayesubiri dalili anasubiri madhara yenyewe. Wakfu wa Kimataifa wa Osteoporosisi unakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 waliozidi miaka 50 watavunjika mfupa kwa sababu hii katika maisha yao yaliyobaki. Mifupa inayoathirika zaidi ni ya kifundo cha mkono, pingili za mgongo, sehemu ya juu ya mkono karibu na bega, na nyonga. Kuvunjika nyonga ndiko kunakotisha kuliko kote: kwa kawaida huhitaji upasuaji, wengi hawarudii uwezo wao wa awali wa kutembea, na takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hufariki dunia ndani ya mwaka mmoja. Wanaume huvunjika nyonga mara chache kuliko wanawake, lakini wanapovunjika hufariki kwa kiwango kikubwa zaidi, jambo linaloonyesha kwamba si sahihi kuuona ugonjwa huu kuwa wa wanawake peke yao.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Mfupa ni kiungo hai. Kila siku seli za aina moja hubomoa vipande vidogo vya mfupa wa zamani, na seli za aina nyingine hujaza mfupa mpya mahali pale pale, kazi ambayo kwa kila kipande huchukua miezi kadhaa. Mpaka mwishoni mwa miaka ya ishirini au karibu na miaka 30, ujenzi huzidi ubomoaji au hulingana nao, na hapo mtu hufikia kilele cha wingi wa mifupa yake. Baada ya hapo mizani huanza kuelemea upande wa kupoteza, mwanzoni kwa kasi ndogo sana.

Kwa mwanamke, kasi hubadilika ghafla hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni ndiyo inayozizuia seli za kubomoa zisifanye kazi kupita kiasi. Inapopungua, seli hizo huishi muda mrefu zaidi na kuchimba kwa kina zaidi, na katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya hedhi kukoma mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya wingi wa mifupa yake. Daktari Fuller Albright wa Marekani aliueleza uhusiano huu kati ya kukoma kwa hedhi na kuvunjika kwa mifupa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na tiba nyingi zilizokuja baadaye zimejengwa juu ya ufahamu huo. Mfupa wa ndani, ambao una matundu madogo mengi na unapatikana kwa wingi katika pingili za mgongo na karibu na vifundo, hupotea kwanza. Vijiti vyake vyembamba vimeshikamana kama mapau na fito za paa: vikikonda tu vinaweza kunenepeshwa tena kwa kiasi fulani, lakini vikishakatika, hakuna dawa ya uhakika ya kuviunganisha upya. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza mapema.

Andika kumbukumbu yako kabla ya kwenda kwa daktari

Chukua daftari na uandike mambo yafuatayo kwa ukweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya makadirio ya hatari hutokana na majibu yako, na mashine huongezea tu. Kwanza andika kila mfupa uliowahi kuvunjika tangu ulipofika utu uzima, umri wako wakati huo na namna ulivyovunjika. Tofautisha kati ya ajali ya gari au kuanguka kutoka juu ya ngazi, na anguko dogo la kuteleza sakafuni. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Kisha andika kama mama au baba yako aliwahi kuvunjika nyonga, maana urithi una nafasi kubwa katika wingi wa mifupa ambao kila mtu huanza nao.

Andika umri wako hedhi ilipokoma. Ikiwa ilikoma kabla ya miaka 45, iwe kwa asili yake, kwa kuondolewa ovari au kwa matibabu ya saratani, mifupa yako imekosa kinga ya estrojeni kwa muda mrefu kuliko kawaida, na daktari anapaswa kulijua hilo hata kama una miaka 52 tu na hujisikii vibaya. Mwanaume naye aandike kama amewahi kuambiwa kwamba ana upungufu wa homoni ya testosteroni, au kama anapata matibabu ya kushusha homoni hiyo kwa ajili ya saratani ya tezi dume.

Uvutaji wa tumbaku uandikwe hata kama ni sigara chache. Kuhusu pombe, kiwango kinachohesabiwa kuwa kihatarishi ni vipimo vitatu au zaidi kwa siku, ambapo kipimo kimoja ni sawa na bilauri ya bia ya mililita 285, divai mililita 120 au pombe kali mililita 30. Uzito mdogo nao ni kihatarishi: mtu mwembamba sana ana mifupa iliyozoea kubeba mzigo mdogo na hana mafuta ya kutosha nyongani ya kupunguza kishindo anapoanguka.

Orodha ya magonjwa ni ndefu, nami nitataja yale ambayo husahaulika. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo hudhoofisha mifupa hata bila dawa zake. Tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi, tezi ndogo za paradundumio zinazofanya kazi kupita kiasi, magonjwa sugu ya figo na ini, magonjwa ya utumbo yanayozuia ufyonzaji wa chakula, kisukari cha aina ya kwanza na saratani ya uboho inayoitwa mayeloma vyote vinaweza kujificha nyuma ya mfupa uliovunjika. Mwenye kisukari cha aina ya pili anahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mifupa yake inaweza kuonekana mizito kwenye kipimo ilhali huvunjika kuliko kipimo kinavyoashiria.

Dawa zinastahili ukurasa wake katika daftari hilo. Zinazoongoza kwa madhara ni za jamii ya steroidi, kama vile prednisoloni, ambazo hutumika kutibu pumu, magonjwa ya ngozi, baridi yabisi na mengine mengi. Kiasi cha miligramu 5 kwa siku au zaidi kwa muda unaozidi miezi mitatu kinatosha kuongeza hatari, na upotevu wa mfupa huwa wa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, si baada ya miaka. Dawa nyingine za kuandika ni baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitali na kabamazepini. Dawa za saratani ya matiti zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu iliyotumika kwa miaka mingi. Dawa za VVU zenye tenofovia ya aina ya disoproksili. Vidonge vya homoni ya tezi ya shingo vinavyozidi mahitaji. Na dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, zilizotumiwa kwa miaka mfululizo. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo unapaswa kuiacha kwa uamuzi wako mwenyewe. Kuacha steroidi ghafla baada ya kuitumia muda mrefu kunaweza kuhatarisha maisha, na kifafa au VVU visivyotibiwa ni hatari kubwa kuliko mfupa mwembamba. Unaandika ili daktari aweze kupunguza kiasi, kubadilisha aina au kuongeza kinga ya mifupa.

Jipime kimo na upige hesabu moja rahisi

Simama bila viatu, visigino, matako na mabega vikigusa ukuta, mtu mwingine akuwekee kitabu bapa juu ya kichwa na kuweka alama ukutani. Linganisha kimo hicho na kile ulichokuwa nacho ujanani, ambacho pengine kimeandikwa katika hati au kadi ya zamani. Tofauti ya sentimita 4 au zaidi ni sababu ya kutosha ya kuomba picha ya eksirei ya mgongo. Baada ya hapo jipime kila mwaka, na ukipungua sentimita 2 kati ya vipimo viwili, rudi hospitali. Sababu ya msisitizo huu ni kwamba takriban theluthi mbili za pingili zinazobonyea hazitambuliwi zinapotokea: mtu hupata maumivu ya mgongo ya wiki chache akayahesabu kuwa ya uzee, au hapati maumivu kabisa, kisha taratibu mgongo unapinda na nguo zinaanza kuning'inia mbele. Katika msimamo huo huo wa ukutani, angalia kama kisogo chako kinafika ukutani bila kuinua kidevu. Kisipofika, mgongo wa juu umeshaanza kupinda.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi ipo hesabu fupi inayotumika kuamua nani apelekwe kwenye kipimo. Chukua uzito wako kwa kilo, utoe umri wako kwa miaka, kisha zidisha jibu kwa 0.2. Jibu likiwa chini ya 2, kuna sababu ya kupimwa mifupa. Kwa mfano, mwenye miaka 62 na kilo 56 atapata hasi 1.2, hivyo anafaa kupimwa. Mwenye miaka 54 na kilo 75 atapata 4.2, na kama hana kihatarishi kingine anaweza kusubiri. Hesabu hii ni chujio tu. Haijui kama ulivunjika mkono mwaka jana wala kama unameza prednisoloni, na mambo hayo mawili yanashinda jibu lolote zuri itakalokupa.

Kipimo cha mifupa na namna ya kuyasoma majibu

Kipimo kinachotegemewa ni kile kinachoitwa DEXA, ambacho hutumia miali miwili ya eksirei yenye nguvu tofauti kupima wingi wa madini katika nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Mgonjwa hulala chali juu ya meza kwa dakika chache, hachomwi sindano, na mionzi anayopata ni kidogo sana. Eksirei ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa haionyeshi mfupa uliopungua mpaka sehemu kubwa ya madini, karibu theluthi moja, iwe imeshapotea. Kipimo cha mawimbi ya sauti cha kisigino kinaweza kuashiria hatari, lakini hakitoshi kuthibitisha ugonjwa.

Miongozo mingi, ikiwemo ya jopo la wataalamu wa huduma za kinga la Marekani, inashauri wanawake wote wapimwe kuanzia miaka 65, na mapema zaidi kwa aliyekoma hedhi mwenye vihatarishi. Kwa wanaume, wataalamu hawakubaliani kuhusu kuwapima wote, lakini mwanaume anayetumia steroidi, mwenye saratani ya tezi dume inayotibiwa kwa kushusha homoni, au aliyevunjika mfupa kwa anguko dogo hapaswi kuambiwa kwamba kipimo si chake.

Majibu hutolewa kwa alama inayoitwa T, inayolinganisha mfupa wako na wa mtu mzima kijana mwenye afya. Kwa vigezo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, hasi 1 na kwenda juu ni kawaida, kati ya hasi 1 na hasi 2.5 ni mifupa iliyopungua, na hasi 2.5 au chini zaidi ni udhaifu wa mifupa. Mipaka hii husaidia kuzungumza lugha moja, lakini haipaswi kumtuliza mtu kupita kiasi, kwa sababu idadi kubwa ya watu wanaovunjika mifupa kwa anguko dogo wana alama ambazo hazijafika hasi 2.5. Aidha, kwa mzee mwenye mgongo uliochakaa viungo, vijimfupa vinavyoota pembeni mwa pingili huweza kuyafanya majibu ya mgongo yaonekane mazuri kuliko hali halisi. Katika hali hiyo, tazama zaidi majibu ya nyonga.

Ndiyo maana alama T huunganishwa na daftari ulilolitayarisha. Kikokotoo kinachoitwa FRAX, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza mwaka 2008, hukadiria uwezekano wa mtu mwenye umri wa miaka 40 hadi 90 kuvunjika mmoja wa mifupa minne iliyotajwa mwanzoni, au nyonga peke yake, katika miaka 10 ijayo. Kinauliza umri, jinsia, uzito, kimo, mifupa iliyovunjika, nyonga ya mzazi, tumbaku, steroidi, baridi yabisi, magonjwa mengine na pombe, na kinaweza kutumika hata pale ambapo DEXA haipatikani. Udhaifu wake ni kwamba katika hali yake ya kawaida hakiulizi umeanguka mara ngapi, wala hakitofautishi anayemeza miligramu 5 za prednisoloni na anayemeza 20. Mweleze daktari mambo hayo kwa mdomo.

Ikithibitika kwamba mifupa ni dhaifu, tiba isianze kabla ya kutafuta chanzo. Vipimo vya damu vya kuombwa kwa kawaida ni kalsiamu, fosfeti, utendaji wa figo na ini, vitamini D, homoni ya tezi ya shingo na picha kamili ya damu. Kwa mwanaume huongezwa testosteroni, na kwa mwenye upungufu wa damu, maumivu ya mifupa au pingili zilizobonyea huongezwa vipimo vya kutafuta mayeloma.

Chakula, kalsiamu na vitamini D

Mapendekezo ya Marekani ya mwaka 2011, yanayotumika kwa upana, ni miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku kwa wanawake waliozidi miaka 50 na kwa kila mtu aliyezidi miaka 70, na miligramu 1,000 kwa wanaume wa miaka 51 hadi 70. Robo lita ya maziwa ina takriban miligramu 300. Mtindi, jibini, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani huongezea, ingawa mboga kama mchicha zina oksaleti, kemikali inayoishika kalsiamu na kuzuia isifyonzwe, kwa hiyo zisihesabiwe kama maziwa. Hesabu kwanza unachokula kwa siku ya kawaida, na vidonge vije kujaza pengo lililobaki tu. Kalsiamu kaboneti hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula, na ni bora kutozidisha miligramu 500 kwa mara moja. Anayekula vya kutosha hana faida ya kuongeza vidonge, na kalsiamu ya vidonge ikizidi huongeza uwezekano wa mawe kwenye figo.

Vitamini D huuwezesha utumbo kuifyonza kalsiamu. Kiwango cha siku ni yuniti 600 mpaka miaka 70, na 800 baada ya hapo. Ngozi huitengeneza inapopigwa na jua, lakini uwezo huo hupungua kwa umri, na wazee wasiotoka nje, wanaofunika mwili wote au wenye ngozi nyeusi sana wanaoishi mahali penye jua hafifu wako katika hatari ya upungufu. Usijipe vipimo vikubwa kwa kudhani kwamba wingi ni ubora. Utafiti umeonyesha kwamba dozi kubwa sana zinazotolewa mara moja kwa mwaka ziliongeza maanguko na mivunjiko badala ya kuipunguza. Protini nayo isipuuzwe. Wazee wengi hupunguza chakula taratibu, misuli ikapungua, na mfupa usiovutwa na misuli hauna sababu ya kubaki imara.

Mazoezi na kuzuia maanguko

Mfupa huimarika pale unapobebeshwa mzigo. Kuogelea na kuendesha baiskeli kunaufaa moyo, lakini hakuubebeshi mfupa mzigo wa kutosha, kwa hiyo pamoja na kutembea kwa kasi ni lazima pawepo mazoezi ya nguvu: kunyanyua vizito vinavyoongezwa kidogo kidogo, kuvuta mpira wa mazoezi, kuinuka kitini bila kushika. Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2020 linawashauri wazee wafanye mazoezi yanayochanganya nguvu na mizani siku tatu au zaidi kwa wiki. Kwa mizani, simama kwa mguu mmoja karibu na meza imara, au tembea ukigusisha kisigino na ncha ya mguu wa nyuma. Mazoezi ya tai chi, yenye miondoko ya polepole, yameonyeshwa kupunguza maanguko kwa wazee.

Mwenye pingili iliyokwisha kubonyea ana mipaka yake. Asiiname mbele kwa kupinda mgongo ili kuokota kitu kizito, asifanye zoezi la kuinua kiwiliwili akiwa amelala chali, na asijizungushe kwa nguvu. Apinde magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, na aanze mazoezi akisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Ili kujua kama uko katika hatari ya kuanguka, kaa kitini, inuka, tembea mita 3, geuka, rudi na ukae, huku mtu akikuhesabia muda na kukaa karibu nawe. Sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari. Halafu pitia nyumba nzima kwa macho ya mtu anayeamka usiku: taa ya kuelekea chooni, mkeka unaoteleza, waya unaokatiza njia, bafu lisilo na kishikio, ngazi isiyo na reli. Pima macho na utibu mtoto wa jicho. Muulize daktari kuhusu dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazoachwa kiholela zaidi mikononi mwa wazee, na kuhusu dawa za shinikizo la damu zinazokupa kizunguzungu unaposimama.

Dawa za mifupa na kuzitumia ipasavyo

Kwa mtu aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili, mwenye alama T ya hasi 2.5 au chini, au mwenye hatari kubwa kwa kikokotoo, chakula na mazoezi peke yake havitoshi. Wengi huanza na dawa za jamii ya bisfosfoneti, zinazozipunguza kasi seli za kubomoa. Alendroneti ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, na mafanikio yake yanategemea namna ya kuimeza: asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, bila chai wala maziwa, kisha mtu abaki wima, asilale wala asile kwa dakika 30. Akilala, kidonge kinaweza kuchoma koo la chakula. Akikimeza na maziwa, karibu chote kitapita bila kufyonzwa. Asiyeweza kumeza anaweza kupata asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa njia ya mshipa mara moja kwa mwaka. Dawa hizi hazifai kwa figo zilizochoka sana, na upungufu wa kalsiamu au vitamini D urekebishwe kwanza.

Denosumabu hudungwa chini ya ngozi kila miezi 6. Inafanya kazi vizuri, lakini ina sharti moja ambalo kila mgonjwa anapaswa kuambiwa kabla ya sindano ya kwanza: isicheleweshwe na isiachwe bila dawa nyingine kuchukua nafasi yake, kwa sababu upotevu wa mfupa hurudi kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa pamoja. Kama huna uhakika wa kuipata kila miezi 6, omba dawa nyingine. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 na mwenye dalili kali za kukoma hedhi, tiba ya homoni inaweza kulinda mifupa pia, baada ya kupima hatari zake binafsi. Kwa walio katika hatari kubwa sana zipo sindano zinazojenga mfupa mpya, kama teriparatidi, ambazo hufuatiwa na dawa za kuzuia ubomoaji ili faida isipotee.

Madhara mawili ya bisfosfoneti na denosumabu huwatisha watu wengi: mfupa wa taya kufa, na mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida baada ya miaka mingi ya matumizi. Yote mawili ni nadra, na kwa mwenye hatari kubwa, mivunjiko inayozuiwa ni mingi zaidi kuliko madhara hayo. Mwone daktari wa meno kabla ya kuanza, maliza kung'oa meno mabovu, na ukipata maumivu mapya ya paja au kinena wakati wa matibabu, toa taarifa upesi. Baada ya miaka 5 ya vidonge vya bisfosfoneti au miaka 3 ya asidi ya zoledroniki, daktari ataangalia kama unaweza kupumzika. Mapumziko haya hayahusu denosumabu.

Kipimo cha DEXA hurudiwa kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hadi miwili tangu kuanza tiba, na ikiwezekana kwenye mashine ile ile, kwa kuwa mashine tofauti hutoa majibu yasiyolinganishika. Alama isiyopanda lakini isiyoshuka ni matokeo mazuri. Mfupa ukivunjika ukiwa kwenye tiba, kwanza hakikisha kwamba dawa ilimezwa inavyotakiwa na kwamba hakuna ugonjwa mwingine uliopitwa, ndipo mjadala wa kubadilisha dawa ufuate. Maumivu makali ya ghafla ya mgongo baada ya kunyanyua kitu au kukohoa, kushindwa kukanyaga baada ya kuanguka, au miguu kufa ganzi na mkojo kuziba ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Watoto wako waliokwisha kuwa watu wazima nao wajulishwe majibu yako, na wajulishwe hasa kama nyonga imevunjika, kwa sababu siku watakapojaza vikokotoo vyao wataulizwa habari hiyo.